Sumu Iliyomo katika Mahindi, na Jinsi Ilivyogunduliwa

Katika somo la mwezi huu twapenda kuonyesha jinsi maradhi yatokanayo na chakula yanavyotambuliwa, hasa yale yawapatayo watu wengi kwa wakati mmoja. Wengi hudhani ya kuwa kazi hii ni ya waganga na vyombo vyao tu, na ya kuwa mtu wa shamba hana sehemu ndani yake. Sivyo. Mganga hukaa hospitalini, naye humwona mgonjwa mmoja mmoja. Bali jirani huiona nyumba nzima. Tutaeleza kwanza mambo yaliyotukia Ukambani katika nchi ya Kenya mwaka 2004, kwa kuwa yalichunguzwa vizuri, tena chakula chenyewe kilikuwa mahindi, ambayo ni chakula chetu sote.

Ilikuwa hivi. Mavuno ya mwanzo wa mwaka ule yalikutwa na mvua isiyo ya wakati wake. Mahindi yalitolewa shambani yakiwa bado na maji ndani yake, wala jua halikutosha kuyakausha. Tena chakula kilikuwa haba, na palipo na njaa mtu huogopa wezi. Kwa hiyo wengi waliyaweka mahindi yao ndani ya nyumba walimolala, wala si katika ghala ya nje ipitayo upepo. Ndani ya nyumba mna joto, na hewa haitembei. Mahindi mabichi yakirundikwa humo hushika ukungu. Na katika jamii nyingi za ukungu iko moja yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, nayo wataalamu huiita Aspergillus flavus. Hiyo ndiyo itoayo sumu. Siku hizi sumu za ukungu huitwa kwa Kiswahili sumukuvu, na hii tunayoisema, iliyo kali kupita nyingine, huitwa aflatoksini.

Ubaya wa sumu hii ni kwamba haijionyeshi. Haina harufu wala ladha. Mtu aweza kuyaosha mahindi yake, akayapangusa ukungu wote, akayasaga, akapika ugali ukachemka sana, na sumu ikawa imo vile vile, kwa maana moto wa jikoni hautoshi kuiangamiza. Ikiingia mwilini kwa wingi huliharibu ini. Macho huwa manjano, mtu hutapika, tumbo huuma na kuvimba, nguvu humwishia. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka mingi, mtu haoni neno lo lote, lakini hatari ya kupata saratani ya ini huzidi, na kwa mwenye homa ya ini ya aina ya B hatari hiyo huongezeka mara nyingi.

Basi katika mwezi wa Aprili na Mei mwaka ule, hospitali za upande wa Makueni na Kitui zilianza kupokea watu wenye macho ya manjano, wengi kuliko desturi. Twaomba msomaji aliangalie sana neno hili, “kuliko desturi.” Mgonjwa mmoja mwenye macho ya manjano si ajabu, huonekana kila mwaka, naye aweza kuwa na maradhi mbalimbali. Ajabu ni kuona kumi mahali ambapo huonekana mmoja. Wala mtu hawezi kujua ya kuwa kumi ni wengi asipokuwa na hesabu ya siku za nyuma. Ndiyo sababu zahanati huandika wagonjwa wake daftarini hata wakati ambapo hakuna maradhi ya kutisha, na watu wasioelewa husema wanapoteza karatasi. Daftari la mwaka wa raha ndilo kipimo cha mwaka wa taabu.

Waganga walidhani kwanza ya kuwa huenda ni maradhi ya kuambukizana. Damu ikapimwa kutafuta vijidudu viletavyo homa ya manjano, na homa ya ini, na homa nyingine mbaya, visionekane. Hapo wakayaelekeza macho yao kwenye chakula. Wizara ya Afya ya Kenya, pamoja na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na wa kituo cha kuzuia maradhi cha Marekani kilichoko Atlanta, wakaanza kazi ambayo twapenda kuieleza hatua kwa hatua, maana ndiyo kiini cha somo letu.

Kwanza walikubaliana ni nani atakayehesabiwa. Jambo hili laonekana dogo, lakini bila hilo hesabu yote ni upuzi. Kama mganga wa Kitui anamhesabu kila aumwaye tumbo, na yule wa Makueni anamhesabu aliyekufa tu, hesabu zao haziwezi kuunganishwa. Basi wakaweka alama: mtu aliyepatwa na macho ya manjano ghafula tangu mwezi wa Januari mwaka 2004, bila sababu ijulikanayo, wala hakuwa na ugonjwa wa ini wa tangu zamani. Mwenye alama hiyo aliandikwa; asiyekuwa nayo hakuandikwa. Hata kufikia tarehe 20 Julai walikuwa wameandikwa watu 317, na katika hao 125 walikuwa wamekwisha kufa. Ndiyo kusema karibu wawili katika kila watano. Walitoka zaidi katika wilaya za Makueni na Kitui, na wengine Machakos na Thika.

Pili waliuliza swali ambalo mtu asiyefundishwa hawezi kulifikiri: si “wagonjwa walikula nini?” peke yake, bali “na wazima walikula nini?” Maana tuseme umewauliza wagonjwa arobaini wa Ukambani kama walikula mahindi, wote watajibu ndiyo. Lakini ukiwauliza wazima arobaini, nao watajibu ndiyo. Hapo hujajua lo lote. Kwa hiyo wachunguzi wakachagua wagonjwa 40, na watu wazima 80 kutoka vijiji vile vile, wakawauliza wote maswali yale yale: mahindi yako umelima mwenyewe au umenunua? Uliyavuna lini? Yalikuwa makavu au mabichi ulipoyatia ndani? Umeyaweka wapi? Wakachota na mahindi ya nyumba zile wakayapima, na damu za watu pia.

Jibu likatokea katika tofauti. Wagonjwa ndio waliokuwa zaidi wamekula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyowekwa ndani ya nyumba yakiwa na unyevu. Katika damu zao sumu ilionekana nyingi. Na mahindi ya nyumba zao yalikuwa na sumu kadiri ya 354 kwa wastani, hali ya wale wazima ilikuwa 44.

Labda mtu atauliza, 354 za nini? Kipimo hiki huhesabu sehemu za sumu katika sehemu 1,000,000,000 za chakula. Akili haiwezi kuishika hesabu hiyo, basi tuilete karibu. Chukua magunia kumi ya mahindi, kila gunia kilo 100. Halafu chukua punje moja ya mchele. Kama sumu iliyomo katika magunia yale kumi yote ina uzito wa punje ile moja, hiyo ni karibu 20, na huo ndio uliokuwa mpaka wa serikali ya Kenya wakati ule. Zaidi ya hapo mahindi hayafai kuliwa. Siku hizi kipimo cha nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kikali zaidi, nacho ni 10. Katika sehemu ile iliyopatwa yalionekana mahindi yenye 4,400, yaani punje 220 katika magunia kumi.

Tena msomaji mwangalifu amekwisha kuona jambo la kusikitisha. Nyumba za wale wazima zilikuwa na 44, na mpaka ni 20. Kumbe hata wale ambao hawakuugua walikuwa wakila sumu zaidi ya mara mbili ya kiasi kilichokubaliwa. Wachunguzi walipokwenda sokoni, wakatwaa sampuli 350 katika masoko 65, waliona ya kuwa zaidi ya nusu zilipita mpaka. Maradhi yaonekanayo ni kama kichuguu. Mchwa wenyewe wako chini.

Serikali ikatangaza watu wasile mahindi yenye ukungu, ikakagua nyumba na maghala, ikaleta chakula kingine kwa waliokuwa hawana. Walakini mambo hayakwisha mwaka ule. Mwaka 2005 na mwaka 2006 wagonjwa walipatikana tena katika nchi ile ile.

Wala halikuwa jambo geni. Mwaka 1981 katika wilaya ya Machakos watu 20 walilazwa katika hospitali tatu wakiwa na ugonjwa wa namna hii, na 12 kati yao wakafa; mahindi yakapimwa, sumu ikaonekana. Mambo hayo yakaandikwa katika gazeti la waganga huko ng'ambo mwaka 1982. Imeelezwa pia ya kuwa njiwa wa nchi ile na mbwa walikufa katika siku zile zile. Na sumu yenyewe ilijulikana kwanza kwa ndege: mwaka 1960 huko Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa, ikaja kuonekana ya kuwa walilishwa mashudu ya karanga zilizotoka Brazili. Basi akina mama wafugao kuku, msidharau neno hili. Vifaranga wakifa wengi baada ya kulishwa chenga za mahindi, hiyo pia ni habari ya kumpelekea bwana mifugo, na bwana mifugo yapasa azungumze na mganga.

Kwetu Tanzania jambo hili lilitokea mwaka 2016. Katikati ya mwaka ule, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walionekana wakitapika, macho ya manjano, matumbo na miguu imevimba, na mara nyingi walikuwa wa nyumba moja. Waliohesabiwa mpaka Novemba walikuwa 68, na waliokufa 20. Hapa pia uchunguzi ulikwenda kwa njia ile ile ya kuwalinganisha wagonjwa na wazima, na mahindi ndiyo yaliyoonekana kuwa na kosa. Neno “nyumba moja” ni la kushikwa. Sumu hairuki kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Lakini watu wa nyumba moja hula chungu kimoja, kwa hiyo huugua pamoja, na mtazamaji hudhani wameambukizana.

Au hudhani jambo baya zaidi. Hatuna haja ya kuficha, maana kila mtu wa vijijini anajua. Tuseme katika nyumba moja watoto wawili wamekufa katika juma moja, na wa tatu macho yake yamegeuka. Majirani hawasemi “chakula.” Husema, “Nyumba hii imetupiwa kitu.” Tena jina hutajwa, na mara nyingi ni la shangazi mzee, au la mjane asiye na mtetezi, au la jirani aliyegombana na baba wa watoto kwa ajili ya mpaka wa shamba. Watu hukaa usiku kucha wakishauriana habari za huyo mtu. Na wakati wanaposhauriana, gunia limo pembeni mwa nyumba, na jioni mama huchota unga ule ule amsongee ugali yule mtoto wa tatu, amtie nguvu. Hilo ndilo limsumbualo sana mtu anayezisoma habari za Ukambani na za Dodoma: kila siku inayopotea katika kumtafuta mtu, chakula kinaendelea kuliwa.

Iko sababu nyingine ya watu kunyamaza, nayo si ujinga. Ni hofu ya njaa. Baba anajua ya kuwa akisema, bwana afya atakuja, naye atasema mahindi haya yamwagwe. Ana magunia manne tu mpaka mavuno yajayo. Afanye nini? Twasema wazi: si haki kumtaka mtu huyo atoe habari, kisha kumwacha mikono mitupu. Palipo na desturi ya kuleta chakula kingine mahali pa kile kilichochukuliwa, watu husema; pasipokuwa na desturi hiyo watayaficha mahindi chini ya kitanda, na wachunguzi wataandika hesabu zisizo za kweli. Wakubwa wa wilaya walifikiri hili. Na usharika wenye ghala ya sadaka ya mavuno waweza kufikiri pia kama magunia yale yana kazi bora kuliko kuuzwa mnadani katika mwaka wa namna hiyo, mradi yenyewe yamepimwa kwanza, maana yametoka mashamba yale yale.

Katika Kitabu cha pili cha Wafalme imo habari ya wana wa manabii huko Gilgali, waliopikiwa matango ya mwituni katika mwaka wa njaa. Aliyeyachuma hakujua, na aliyeyapika hakujua; walioonja ndio waliopiga kelele kabla wengine hawajaendelea kula. Hatusomi ya kuwa aliyeyachuma alishitakiwa.

Haraka ya kushitaki si ya vijijini kwetu tu. Mwaka 2011, katika miezi ya Mei na Juni, ulizuka Ujerumani ya kaskazini, hasa upande wa Hamburg, ugonjwa wa kuhara damu ulioletwa na bakteria ya jamii ya E. koli, nao uliwaharibu wengi mafigo. Waliougua walikuwa zaidi ya 3,800, na waliokufa 53. Ni nchi yenye waganga wengi na maabara bora. Walakini tarehe 26 Mei wakubwa wa Hamburg walitangaza ya kuwa kosa ni la matango yaliyotoka Uhispania. Watu wakaacha kununua, wakulima wa Uhispania wakatupa mazao yao. Baadaye ikaonekana ya kuwa bakteria ya matango yale siyo ile iliyokuwa ndani ya wagonjwa. Umoja wa Ulaya ukalazimika kutenga zaidi ya euro milioni 200 kuwafidia wakulima.

Na ukweli ulipatikanaje? Kwa njia ambayo yatufundisha. Wagonjwa walipoulizwa walichokula, wengi walitaja nyanya, matango na majani ya saladi. Kilichowadhuru hasa kilikuwa machipukizi ya mbegu za uwatu, yaliyotiwa juu ya chakula kidogo tu kama pambo, na mtu hakumbuki pambo. Walioweza kukumbuka walikuwa kama mmoja katika kila wanne. Basi wachunguzi wakaacha kumwuliza mlaji wakamwendea mpishi. Wakachukua majina ya watu waliokula katika hoteli moja, wakatazama kila mmoja aliagiza chakula gani, kisha wakamwuliza mpishi, “Katika chakula hiki ulitia nini?” Hapo ikaonekana ya kuwa wote waliougua walikuwa wameandaliwa machipukizi yale. Yakafuatwa mpaka shamba moja katika jimbo la Niedersachsen, na mbegu zake zikafuatwa mpaka Misri.

Tukitaka kulileta hili kwetu, tufikiri habari za arusi au matanga. Watu mia tatu wamekula, na hamsini wanahara usiku. Ukimwuliza mgeni alikula nini, atakwambia wali na nyama. Mwulize mama aliyeshika mwiko: nyama ilichinjwa lini? Ilikaa wapi tangu asubuhi? Kachumbari ilikatwa na nani, na maji yalitoka kisima kipi? Lakini umwulize kwa adabu, mbali na watu, na umwambie mapema ya kuwa humtafuti mkosaji. Mama aliyeamka saa tisa za usiku kuwapikia watu mia tatu, kisha akaulizwa mbele ya umati kama mwizi, hatakumbuka neno, na mwaka ujao hakuna atakayekubali kupika.

Sasa, habari hizi huenda wapi zikiisha kutolewa? Mwaka 1998 nchi za Kiafrika zilizo katika Shirika la Afya Duniani zilikubaliana juu ya utaratibu mmoja wa kuyaangalia maradhi. Mtu wa kijijini humwambia mhudumu wa afya wa jamii, naye hupeleka zahanati. Zahanati hupeleka wilayani, wilaya mkoani, na mkoa wizarani. Njia hiyo ni nzuri, lakini ni kama mfereji wa shambani: mlango wa kwanza usipofunguliwa, hata mfereji ukijengwa kwa saruji hautaleta maji. Na mlango wa kwanza ni mtu aliyeona nyumba ya jirani ina wagonjwa wawili au watatu wa dalili moja. Hana haja ya kujua ni sumukuvu au ni kipindupindu. Hana haja ya kungoja mpaka awe na hakika. Wenye kupima wapo; asiyekuwapo ni mwenye kuwaita.

Shirika hilo lilikadiria mwaka 2015 ya kuwa watu milioni 600 duniani huugua kila mwaka kwa chakula kibaya, na 420,000 hufa. Na katika Afrika hufa 137,000. Haya ni makadirio, maana wengi huzikwa bila kuandikwa.

Hapo ndipo usharika una neno lake. Katika nchi ya Sweden, pamoja na Finland iliyokuwa chini yake wakati ule, tangu mwaka 1749 serikali iliwaamuru wachungaji wa Kilutheri kujaza majedwali ya watu waliozaliwa na waliokufa katika mitaa yao, umri wao, na ugonjwa uliowaua. Walichukuliwa wachungaji kwa sababu moja tu, kwamba vitabu vya ubatizo na vya mazishi vilikuwa tayari mezani pao. Katika majedwali hayo nchi ile iliweza kujua mapema kuliko nchi nyingi watu wake wanakufa kwa nini na wapi. Sisi nasi tunacho kitabu cha mazishi katika kila usharika. Mara nyingi huandikwa jina na tarehe, basi. Wainjilisti na wazee wa mitaa wangeweza kuongeza maneno machache: umri, kijiji, alivyougua, siku alizougua, na kama kuna mwingine mgonjwa katika nyumba ile. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mchungaji aliyezika mara tatu katika kijiji kimoja kwa majuma mawili, na wote macho yao yalikuwa manjano, asingoje kikao cha baraza la wazee. Na ampigie simu mganga mkuu wa wilaya siku ile ile. Habari za mgonjwa mmoja mmoja ni siri ya nyumba yake, wala hazitangazwi ibadani. Bali hesabu na mahali mganga lazima avijue.

Imesalia kueleza habari ya mahindi yenyewe yanayotiliwa shaka, kwa kuwa hapa ushahidi mwingi hupotea kwa nia njema. Ndugu wa marehemu, wakishikwa na hofu, huyachoma yote au kuyamwaga mtoni, na bwana afya akifika hakuna cha kupima. Wengine hufanya vibaya zaidi: huyapika pombe, au huwapa ng'ombe na kuku. Ng'ombe wa maziwa akila mahindi hayo, sumu hutoka katika maziwa, na watoto huyanywa. Afadhali mahindi yafungwe, yatengwe mahali pakavu, asiyaguse mtu mpaka mchunguzi aje.

Akikawia kuja, mtu aweza kumwekea sampuli. Isichotwe juu ya gunia tu. Maana sumu haikuenea sawasawa, punje moja yaweza kuwa nayo nyingi sana na ile iliyo kando yake isiwe nayo kabisa. Ichotwe juu, katikati na chini, na pembeni kote, kisha ichanganywe vizuri. Itiwe katika mfuko wa karatasi au wa nguo, si wa plastiki, kwa kuwa ndani ya plastiki mahindi hutoka jasho na ukungu huzidi, na kipimo kitasema mambo yasiyokuwapo siku ile. Mfuko ufungwe, na juu yake iandikwe kwa kalamu: jina la mwenye nyumba, kijiji, tarehe, mahindi yalivunwa mwezi gani, yalikuwa shamba gani au yalinunuliwa soko gani, na yalikuwa yamewekwa wapi.